Mkanda Uliobaki Kiunoni

Walisema alpaka wameanza kurudi walikotoka. Tangu zamani tunaambiwa wanyama hawa wa manyoya tumeazimwa tu na macho ya maji, yaani chemchemi, na wakituchoka watarudi humo mmoja mmoja. Habari hiyo niliipata kwa jirani yangu Evarista, tukisokota uzi mlangoni.

"Wawili wa Sabino hawaonekani. Nyayo zimeishia chemchemini."

"Labda wamemkimbia Sabino. Mbona hata mkewe alimkimbia."

"Haya, cheka, mwenzangu. Wa kwako wako na nani huko juu?"

Walikuwa na binti yangu Vicentina, peke yake. Nilicheka. Lakini kulipopambazuka nikapanda malishoni.

Nilimkuta kinamasini, tope limemfika mapajani. Mbele yake alikuwa yule jike mweupe ambaye hatukumkata manyoya kwa wakati, tukingoja bei ipande. Manyoya yalikuwa yamekunywa maji, anadidimia. Vicentina alikuwa amemfunga shingoni kwa mkanda niliomfumia mimi mwenyewe, na ncha ya pili bado imemzunguka yeye kiunoni.

"Fungua, mwanangu."

"Fundo limelowa, mama, halifunguki. Njoo tuvute, anatoka huyu."

"Hatoki. Anakuvuta wewe."

"Usiukate, mama. Nakuomba."

Nililala kifudifudi kwenye majani, nikaukata kwa kisu cha kukatia manyoya. Watu husifu kwamba mikanda yangu haikatiki. Ni kweli, nilikereza mpaka mkono ukafa ganzi. Ulipoachia, binti akaniangukia. Jike akaguna, mmm, kama wanavyowaita watoto wao, kisha maji yakatulia.

Vicentina hakunilaumu. Alisema tu, "Alikuwa ananiangalia mimi." Baada ya kuvuna viazi alishuka mjini kwa shangazi yake, na hajapanda tena. Sasa nachunga mwenyewe. Jioni nawahesabu wanyama kwa sauti, ili nami nisikie mtu akisema. Kipande cha mkanda nilichobaki nacho hakizunguki hata kiuno cha mtoto.

Ninyi wenye mabinti malishoni:

Msimwache mtoto achunge peke yake penye kinamasi.

Msiache manyoya yapitilize wakati wake.

Msimfunge mnyama kwa kitu kilichofungwa mwilini mwenu.

Msipande bila kisu.

Msicheke uvumi kabla ya kwenda kutazama.