Kingi Tatu Mbele ya Mama Mkwe

Haya aliniambia Protus, mjukuu wa marehemu dada yangu, Jumanne ya juzi alipokuja kunisaidia kupukuchua mahindi. Alikaa juu ya gunia, akaongea akiangalia mikono yake, na mimi sikumkatiza, kwa sababu mtu mzima akianza kusema aibu yake ukimkatiza hairudii tena.

Protus anauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini Kakamega. Wakulima wa Lugari wanampenda kwa vile hawaharakishi. Lakini Jumamosi zake, kwa miaka miwili, zilikuwa za klabu ya karata iliyo ghorofani karibu na stendi. Mchezo wenyewe ni poka. Unalipa kiingilio mara moja asubuhi, unapewa vidude vya plastiki vya mviringo, wanaviita chipu, na unacheza navyo mpaka viishe. Vikiisha umetoka, unachukua koti lako. Anayebaki na vidude vyote ndiye mshindi. Kila mtu anapewa karata mbili anazozificha, halafu tano zinawekwa katikati ya meza kwa wote, na kazi ni kuangalia mwenzako usoni ujue kama ana kitu au anadanganya.

Protus hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza wa nne. Wiki hii wa nne, wiki ile wa nne, mara moja wa tatu, akaja nyumbani akiimba.

Mwaka huu klabu ikatangaza kwamba wachezaji tisa wenye alama nyingi watakutana Jumamosi moja, na mshindi atapelekwa Nairobi kucheza na klabu za huko, nauli na malazi juu ya klabu. Kiti ni kimoja tu. Protus alikuwa wa nane katika hao tisa.

Sellah, mkewe, hakumpigia kelele. Alimwambia huku akikunja nguo za mtoto kwamba amevumilia Jumamosi za miaka miwili, basi hii iwe ndiyo ya kupima. Akishinda, aende Nairobi, na yeye mwenyewe atampigia shati pasi. Akishindwa, asikanyage pale klabu tena. Protus akaona ni haki. Akakubali, akaapa, tena akampigia mama yake mzazi simu aape akisikika.

Basi siku ikafika. Saa nne asubuhi walishaokota namba za viti, Protus akapata kiti cha tatu. Alikuwa anapanga chipu zake, nyeusi na nyeusi, nyekundu na nyekundu, aliposikia sauti ya mwanamke mlangoni ikiwasalimia wachezaji wote kwa pamoja. Aliijua kabla hajageuza kichwa. Kwa hiyo hakugeuza.

Alikuwa Mama Immaculate wa Buyangu, aliyemzaa Sellah.

Mama huyu alipika miaka mingi katika nyumba za wageni kule msitu wa Kakamega kabla hajastaafu. Mvua ikinyesha na wageni wakikosa pa kwenda kuangalia nyani, walikuwa wanacheza karata, na mpishi akimaliza vyombo wanamwita awe mtu wa nne. Hivyo ndivyo alivyojifunza, na nyumbani hakusema. Pale klabu alikuwa akicheza Jumatano, siku ambayo Protus yuko dukani. Kwenye orodha ya mlangoni alikuwa ameandikwa Mama Buyangu tu, na Protus alidhani ni mmoja wa wale mama wanaouza majani chai pale stendi.

Namba aliyookota mama ilikuwa ya saba. Kiti cha saba kinatazamana na cha tatu.

Sasa upande wetu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawatazamani usoni, hawali mbele ya mwenzake, hata kitu hakitoki mkono wa huyu kikaingia mkono wa yule. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye ua. Si uadui, ni heshima, na heshima hiyo ina njia yake ya kupunguzwa. Mkwe anapeleka blanketi na mbuzi, wazee wanakaa, mama anachinja kuku, na kuanzia siku hiyo wanaweza kusalimiana kama watu. Protus alipaswa kupeleka blanketi hilo mwaka juzi. Sellah alikumbusha, akakumbusha, akachoka. Pesa za blanketi na za mbuzi zilikuwa zimepanda ngazi za klabu Jumamosi moja moja, na Protus aliniambia kwamba pale kwenye kiti ndipo alipojua ni nini hasa alichokuwa akinunua.

Alimwendea Sydney, meneja, kijana aliyeletwa kutoka Nairobi. Akamwomba abadilishiwe kiti. Sydney akasema viti ni vya kura. Protus akasema ana sababu ya kifamilia. Sydney akamuuliza kama kuna mtu amefariki, Protus akasema hapana. Kuondoka nako hakukufaa. Aliyeondoka chipu zake zinaendelea kukatwa kidogo kidogo mpaka ziishe, na kiapo alishaapa.

Akarudi, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaamua kuangalia meza.

Kuna fundi wa pikipiki anaitwa Wangila, mcheshi, naye alikuwa katika wale tisa. Yeye ni mtu wa Bungoma na mambo haya anayajua. Aliangalia kofia, akaangalia kiti cha saba, akaelewa yote.

"Protus, humu ndani kuna jua?" akamuuliza. Mtu akacheka. Wangila akaongeza polepole, "Wacha avae. Jua lake limekaa pale mbele."

Mchezo ukaanza. Chepkirui, msichana anayegawa karata, ndiye aliyekuwa daraja lao. Chipu za mama zilipitia kwake, na karata pia. Protus alisema kwa wengine saba alicheza vizuri kuliko siku zote, labda kwa sababu kichwa kilikuwa chini na akawa anasikiliza pumzi za watu. Lakini mama akiweka dau kwenye mzunguko wowote, yeye anatupa karata zake, yaani anajitoa kwenye mzunguko ule. Alikuwa anaona vidole vyake tu na pete ya ndoa, na hata vidole aliona kama anaviangalia sana, akahamia kwenye kibao cha meza.

Chakula kikaletwa mezani, kuku na ugali, kwa sababu kiingilio cha siku ile kilikuwa pamoja na chakula. Mama alichukua sahani yake akaenda kula kwenye ngazi. Protus akawa na nafasi ya kula, lakini ngazi inaonekana kutoka mezani, mlango uko wazi, na mama akiinua macho atamwona anatafuna. Akasema hana njaa. Wangila akala zote mbili.

Kufikia saa tisa walikuwa wamebaki watatu. Mama, Wangila na Protus. Na hapo Protus akakumbuka jambo ambalo lilikuwa likifanyika mbele yake siku nzima, tena miaka miwili nzima. Katika klabu ile, ukimtoa mtu, unasimama, naye anasimama, mnapeana mkono juu ya meza, na waliopo wanapiga makofi. Sydney ni mkali kwa hilo. Asiyetoa mkono anaambiwa hana uanamichezo, na anakatwa alama.

Akapiga hesabu yake. Akimtoa mama, mkono. Mama akimtoa yeye, mkono. Katika kushinda na katika kushindwa, mkono ulikuwa umewekwa katikati ya ile meza unawangoja wawili wao.

Ndipo Chepkirui akamgawia kingi mbili, zile karata za mfalme.

Wangila akatupa zake. Mama akaingia, Protus naye akaingia kwa sababu vidole vilitangulia akili. Katikati ikatoka kingi ya tatu, tisa na mbili. Kila dau mama aliloweka, Protus alilifuata, macho kwenye kibao. Ikatoka nane, kisha nne. Hapakuwa na njia ya karata kufuatana, wala rangi ya kuungana. Ukiwa na kingi tatu hapo, hakuna binadamu wa kukushinda. Protus alijua hivyo kama anavyojua bei ya mbegu.

Mama akasukuma chipu zake zote mbele.

Zilikuwa pungufu kidogo ya zile zilizobaki kwa Protus. Alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja, naona, yaani anaweka sawa na mama na karata zinafunuliwa. Mama angetoka, Protus angebaki na Wangila peke yake akiwa na mlima wa chipu, na Wangila alishaanza kusinzia kwa shibe. Nairobi ilikuwa pale. Jumamosi zake zote zilikuwa pale.

Akajaribu kufikiria angeufanyaje ule mkono. Labda autoe akiangalia ukutani. Labda aseme ana jeraha. Labda amweleze Sydney mbele ya watu wote kwamba huyu ni mama mkwe wangu na sijapeleka blanketi, na Sydney aulize blanketi la nini, na mama awe amekaa palepale akisikiliza mambo ya nyumba yake yakichambuliwa na watoto wa klabu. Alisema jasho lilimtoka mpaka kofia ikalowa.

"Una dakika moja," Chepkirui akamwambia kwa upole.

Dakika ikaisha. Protus akageuza kingi zake kifudifudi, akazisukuma kwa Chepkirui. Ametupa. Mpaka leo hakuna aliyeziona ila yeye.

Mama akafunua zake bila kuulizwa. Saba na tatu. Hakuwa na kitu hata kidogo. Watu wakaguna. Kisha mama akasema, na hakusema na Protus, alisema na msichana, ndivyo inavyotakiwa.

"Chepkirui, mwambie huyo mwenye kofia nilijua atatupa. Hata angekuwa na esi nne angetupa."

Chepkirui akamgeukia Protus, akabaki mdomo wazi, kwa kuwa Protus amesikia.

"Na umwambie," mama akaendelea, akikusanya chipu zake taratibu, "namshukuru Mungu binti yangu aliolewa na mtu mwenye heshima."

Protus akaangalia kibao. "Mwambie asante," akasema.

Baada ya hapo hakuwa akitafuta ushindi tena. Alikuwa anatafuta mtu wa kumtoa ambaye si mama. Alitupa mara tatu mfululizo akingoja mama awe wa kwanza kutupa. Mama alipotupa tu, Protus akasukuma chipu zote bila kutazama alichonacho, akamwomba Mungu kimoyomoyo Wangila asiogope. Wangila hakuogopa. Alikuwa na jozi ya jeki. Wakasimama, wakapeana mkono, makofi yakapigwa, na Wangila akamshika kidogo zaidi ya kawaida.

"Pole, ndugu yangu," akamwambia sikioni. "Hata mimi ningetupa."

Ilimchukua mama nusu saa kummaliza Wangila. Protus hakungoja. Alikuwa ameshafika Mukumu anakopanga, na jua bado liko juu.

Sellah alimuuliza nani ameshinda. Akasema mama mmoja wa upande wa Buyangu. Sellah akashangaa, akasema wanawake wa kwao wana akili, akacheka, halafu akaona uso wa mumewe akaacha. Hakumsimanga. Akamwekea obusuma, ndio ugali wetu, na mboga, akamwambia ale, na Protus akala kama mtu aliyetoka kulima. Kila alipomeza tonge alitaka kusema. Lakini aseme nini? Kwamba mama yako anacheza karata? Kwamba amenidanganya kwa saba na tatu? Kumfunua mama mkwe mbele ya binti yake ni kubaya kuliko ule mkono wenyewe. Akamega tonge lingine.

Giza likiingia, simu ya Sellah ikalia. Alikuwa mama yake. Sellah akaiweka sauti kubwa akiendelea kumvua mtoto viatu, na Protus akasikia yote. Mama alikuwa na habari njema. Amechaguliwa kwenda Nairobi wiki ijayo, mambo ya akina mama, ya kujifunza mawili matatu, siku nne hivi. Shida yake ni ng'ombe tu, hana wa kumkamua.

"Protus atakuja," Sellah akasema. "Jumamosi zake sasa ziko wazi, na hata dukani ana likizo."

Akavuta kiatu cha pili.

"Mimi nitakuwa nimesafiri, kwa hiyo anaweza kuja, hakuna ubaya," mama akasema. "Mwambie ng'ombe anapiganga teke, asikae upande wa kushoto. Na umsalimie sana. Ni mtu wa heshima."

Sellah akakata simu, akamwambia mumewe kana kwamba hakusikia: kushoto usikae. Protus akasema sawa. Mtoto akalala kwanza, mguu mmoja una soksi. Sellah akamfuata, amechoka, akamgeuzia mgongo bila hasira. Protus akabaki anaangalia mabati, akijiuliza kama ng'ombe wa Buyangu amezoea kukamuliwa na mwanamume, na kama ndoo iko jikoni au ghalani, kwa maana hata nyumba ile hajawahi kuijua kwa ndani. Alitaka kumwamsha Sellah amuulize. Akanyoosha mkono, akaurudisha, na usingizi ukamchukua.