Kilomita Nane hadi Carama

Mi ni fundi wa pikipiki, mtaa wa Buyenzi. Mwaka huu wa 2004 nilifunga karakana wiki tatu, nikaenda peke yangu kuona makaburi ya vita vya watu wengine. Nilianza Rwanda, nikashuka Tanzania mpaka Tabora. Kila penye jiwe nilizima pikipiki nikasoma Fatiha. Wengi waliolala pale hawakuwa Waislamu. Sikujali.

Niliporudi, jirani yangu Dorothée, mama wa Bukavu anayeuza ndagala mbele ya karakana, alikuja kunipa pole ya safari. Nikamuonyesha picha. Alizitazama zote bila haraka.

“Fundi, we hauko hata kwa moja.”

“Nani angenipiga? Nilikuwa peke yangu.”

Akanirudishia picha. “Mafundi wote wa hapa wakimaliza pikipiki wanaijaribu barabara ya Carama. Wewe kila siku Musaga. Miaka saba nakuona.”

Nikamwambia aangalie samaki wake, inzi wanamumalizia.

Mwaka 1995, vita vya hapa kwetu vikiwaka, nilimtuma mdogo wangu Faridi Carama kumpelekea mteja pikipiki yake. Aliuawa kule, na huyo mteja ndiye aliyemzika, nyuma ya nyumba yake. Kaburi najua lilipo. Ni kilomita nane.

Leo nimemaliza pikipiki ya kwanza tangu nirudi. Niliipiga teke, ikawaka vizuri. Nilipofika barabarani, Dorothée alisimama kuniangalia.

Nikakata kwenda Musaga.