Mdundo Una Mwenyewe

Watu wapatao mia mbili walikuja mbio kumfukuza tembo ambaye hakuwepo, na aliyewaita ni mimi. Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, jua bado kali juu ya Mugeta. Walitoka kwenye mkutano wa pamba ghalani, wakakatiza katikati ya mashamba na madebe, sufuria na mapanga, mmoja ana kiatu kimoja, mwingine ameshika kipaza sauti cha mkutano kwa sababu alisahau kukiweka chini. Bwana shamba alikuwa amevaa tai, na tai ilikuwa imehamia mgongoni. Walipofika kwenye mtama wetu wakasimama, wakahema, wakatazama huku na huku. Mtama wote ulikuwa mzima.

Halafu wakausikia tena mdundo uleule, na safari hii wakajua unakotoka. Unatoka shuleni, kwenye spika mbili za kanisa la kigango.

Sisi wanabendi tulikuwa ndani ya darasa la saba, hatuna habari. Mimi nimefumba macho nyuma ya madebe yangu matatu. Prosper anakwaruza gitaa alilounda kwa dumu la mafuta ya kula na waya za breki za baiskeli. Adventina anaimba mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Spika tulikuwa tumeziazima siku hiyohiyo, mara ya kwanza, na Mwalimu Faustine alituambia tuzigeuzie dirishani tusije tukapasuka masikio. Dirisha lilitazama mashambani. Basi, kosa lenyewe ni hilo tu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mzee Magesa, mwenyekiti wa kijiji, jasho linamtiririka, na nyuma yake kijiji kizima.

"Nani kapiga debe la Mayala?"

"Mimi," nikasema. Mayala ni baba yangu, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo wa miaka arobaini.

Kwa mtu ambaye hajawahi kulima jirani na hifadhi, debe ni debe tu. Kwetu debe lina anwani. Kila boma lina mdundo wake, na tembo akiingia shambani unapiga mdundo wa boma lako, siyo mwingine, ili jirani hata akiwa amelala ajue akimbilie wapi. Wa kwetu ulikuwa mbili nzito, kimya cha pumzi moja, tatu za haraka, halafu moja kwenye ukingo. Wa Bibi Benedikta, jirani yetu, ulikuwa unafanana nao, ila wake hauna kile kimya. Mtoto wa miaka mitano Mugeta hawezi kuichanganya hiyo miwili.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani kila mtu alipigaga debe lake anavyojua, ikawa makelele matupu, watu wanakimbia kusini na tembo wako kaskazini. Mwaka mmoja walitumaliza. Nakumbuka asubuhi yake mama amesimama kwenye mabua yaliyolala chini, anagonga paja lake kwa vidole. Wiki nzima alikuwa anagonga. Anagonga mfuniko wa sufuria, anagonga ndoo kisimani. Baba akamuuliza kama amepandwa na mashetani. Mwisho wa mwezi mama alikuwa na midundo kumi na tisa, ya maboma kumi na tisa, na alipita nyumba kwa nyumba akiifundisha, mimi nikiwa nyuma yake nimebeba debe. Aliwafundisha wanawake, kwa sababu wao ndio waliokuwa nyumbani. Wanawake wakawafundisha watoto. Wanaume waliikuta tu, kama mtu anavyokuta chakula mezani.

Habari zikafika mbali. Wakaja maafisa wa wanyamapori na gari, wakauliza mbinu hii ni ya nani. Mama alikuwa jikoni anawapikia chai. Baba akasimama, akasema, "Ya hapa kwangu." Wakampiga picha, wakampa tochi kubwa na fulana yenye tembo kifuani. Tangu siku hiyo ikaitwa mbinu ya Mayala. Mama alipotoka na birika watu walikuwa wameshapiga makofi. Akamimina chai. Miaka miwili baadaye alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto, na hakuna hata mmoja aliyelitaja debe kwenye mazishi yake.

Mimi nililishika hilo moyoni, na halikutoka.

Kwa hiyo Mwalimu Faustine alipotuanzishia bendi ya roki, nilijua ninachokitaka kabla hajamaliza kueleza. Alikuwa mwalimu wa sayansi, kijana, ana simu imejaa magitaa ya kulia kama mashine ya kusaga, na alikuwa na wazo la albamu nzima kuhusu ubunifu. Sharti lake lilikuwa moja: kila wimbo uwe juu ya kitu alichobuni mtu tunayeweza kwenda kumsalimia. "Wa kwenye kitabu hatumtaki," alisema. Tukaimba juu ya fundi baiskeli wa Guta aliyeunda mashine ya kupukuchua mahindi kwa pedeli na mnyororo. Tukaimba juu ya mama mmoja wa Butiama anayeangulia vifaranga kwenye sanduku lenye taa. Kijiji kilituita Makelele. Tukasema asante, tukaliandika hilo jina kwenye debe kubwa kwa rangi nyekundu. Wimbo wa nane ulikuwa wa mama, na mwenye kwenda kusalimiwa hayupo, lakini Mwalimu hakunibishia. Studio moja ya Musoma ilikuwa imetupa siku moja ya bure, Jumamosi. Tulikuwa tumebakiza siku sita wakati tembo wangu wa hewani alipokiita kijiji.

Kikao kilikuwa kesho yake, ndani ya ghala, watu wamekaa juu ya magunia matupu ya pamba. Mzee Magesa aliongea vizuri, siwezi kumsingizia.

"Siku tembo wa kweli atakapokuja," alisema, "mtu atasikia debe, atasema wale ni watoto wanaimba, atageukia upande wa pili alale. Mtama utakwisha. Tutawalaumu akina nani?"

Alikuwa na haki.

"Ila mdundo una mwenyewe," akaendelea. "Mayala ndiye wa kusema. Akiruhusu, waende nao Musoma. Akikataa, wimbo huo ufe."

Baba akainuka. Alikuwa amevaa fulana ileile ya tembo, imepauka, imetoboka kwapani. Hakuniangalia.

"Mdundo ni wangu," alisema. "Sitaki uchezewe. Nimekataa, nimemaliza."

Mwalimu Faustine alikuwa anatazama viatu vyake. Adventina alinishika mkono, akanibana, maana ananijua. Nikautoa mkono wake. Nikachukua debe langu, nikapita katikati ya watu wazima, nikaliweka miguuni pa baba.

"Kama ni wako, baba, upige."

Mzee Magesa akasema, "Mtoto, kaa chini."

"Nitakaa akipiga."

Najua ilivyo. Mtoto wa kike, mbele ya kadamnasi, anamwambia baba yake hivyo! Hata leo kuna shangazi zangu hawanisalimii sawasawa. Wanasema mambo ya nyumbani yanasemwa nyumbani. Jamani, nyumbani nilisema. Nilisema mara tatu. Mara ya kwanza alicheka, ya pili alinifukuza mezani, ya tatu alinichapa. Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya nyumbani.

Baba akacheka kidogo, akaokota fimbo. Akapiga mbili nzito, akaunganisha tatu za haraka, akamaliza ukingoni. Hakuweka kimya.

Mtu akakohoa kuficha kicheko. Bibi Benedikta hakuficha chochote. "Huo ni wa kwangu, Mayala," alisema. "Umehamia kwangu lini, mbona sina habari?"

Khaa! Ghala lilipasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba akapiga tena, na tena ukatoka wa Bibi Benedikta. Mara ya tatu hakufika mwisho. Miaka yote ile, tembo wanakuja, mama anapiga debe na baada yake mimi napiga debe, yeye yuko mbele na tochi yake anamulika na kupiga mayowe. Hakuwahi kulishika, hata siku moja. Nilimwonea huruma, na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na sitamwomba mtu radhi.

Nikachukua fimbo mkononi mwake, nikaupiga. Mbili. Kimya. Tatu, na ukingo. Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kugonga magoti yao bila kujijua.

"Huu alitunga Matrida," nikasema. "Na wa kwako, Mzee Magesa, alitunga yeye. Na wa bibi. Yote kumi na tisa. Ambaye boma lake halikufundishwa na Matrida anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Wanaume walikuwa wanawatazama wake zao, na wake zao walikuwa wananitazama mimi.

Mzee Magesa alijikuna kidevu. "Sasa mwenye mdundo ni marehemu," alisema. "Nani ataruhusu?"

"Marehemu ameacha mtoto," Bibi Benedikta akajibu. "Si huyo amesimama hapo? Au unamtaka yule aliyeshindwa kuupiga?"

Baba akatoka nje. Hakuna aliyemfuata.

Mwenyekiti aliruhusu, ila kwa sharti. Kabla ya pigo la kwanza lazima itangazwe kwa sauti kwamba hakuna tembo. Ndiyo maana wimbo wa nane wa albamu ya Makelele unaanza na Adventina anapiga ukelele: "Hakuna tembo! Hakuna tembo, ni wimbo tu, msikimbie!" Watu wa mjini wanadhani ni mashairi.

Jumamosi tukaenda Musoma. Mwenye studio aliitwa Edwin, kaka mmoja mpole, ana kompyuta na godoro amelibandika ukutani kuzuia mwangwi. Akasikiliza dakika moja, akasema gitaa lina raha yake, lakini debe litoke, yeye ataweka ngoma za kwenye kompyuta, safi zaidi.

"Debe linabaki," nikasema.

"Dada mdogo, linachafua."

"Linabaki. Ukilitoa, na sisi tunatoka nalo."

Prosper alishaanza kuvua kamba ya gitaa shingoni. Edwin akamtazama Mwalimu Faustine, na Mwalimu, ambaye ghalani alikuwa ametazama viatu, safari hii akasema, "Umemsikia." Debe likabaki. Edwin akataka kukata pia ile "hakuna tembo". Nikamwambia hiyo haikatwi, watu watakimbia. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa akili, lakini aliiacha.

Mwisho akauliza nyimbo ziandikweje. Alipofika wa nane, nikamwambia, "Andika Matrida."

"Matrida nani? Matrida Mayala?"

"Matrida. Inatosha."

Albamu ilisambaa kwenye kadi za kumbukumbu za simu. Bodaboda wa Bunda waliipiga wakisubiri abiria. Sikutajirika nayo, wala hakuna aliyetupeleka popote. Sasa natengeneza redio na spika hapa Musoma, na Prosper ni fundi umeme. Lakini wiki zile Mugeta, ukipita kisimani, ulikuwa unasikia wanawake wanasema Matrida, Matrida, kama mtu aliyerudi safari.

Nyumbani nililipa. Baba hakusema nami neno kwa miezi mitano. Akitaka chumvi anamtuma mdogo wangu, na mimi niko palepale karibu. Fulana ya tembo aliacha kuivaa, siku moja nikaikuta anafutia jembe. Usiku nililia, sikatai. Asubuhi niliamka vilevile sina cha kujutia.

Mtama ulipoanza kukomaa nikarudi kwenye dungu letu la kulindia, alasiri baada ya shule, miguu inaning'inia, debe pembeni. Nikamwona baba anakuja kwenye kijia. Nilidhani anapita. Akasimama chini ya dungu, akashika nguzo, akaangalia mtama badala ya kuniangalia mimi.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Ule mdundo."

"Mdundo wa nani?"

Upepo ulikuwa unapita kwenye mtama. "Wa mama yako," alisema.

Kwetu mwanamume hamwiti mkewe jina. Baba alimwita Mama Wankyo, kwa jina langu, tangu nilipozaliwa, akamwita hivyohivyo hata wakati wa kumzika, na hakuna aliyeona ajabu.

"Ana jina, baba."

Nilimwona anajiandaa kuondoka, mguu mmoja umeshageuka. Sikumsaidia.

"Wa Matrida," akasema.

Nikasogea pembeni, nikamwambia apande.