Sauti ya Nje ya Dirisha

Atuganile alijua kwamba shamba lake linauzwa akiwa ndani ya shamba hilohilo, tenga la majani mabichi ya chai likiwa mgongoni. Wanaume wawili walikuwa wakipita mpakani, mmoja akinyoosha mkono kuelekea kijitoni. Aliyenyoosha mkono alikuwa mumewe, Benson. Mwenzake alikuwa Mrisho, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tukuyu mjini, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa mteja msumbufu.

"Habari za kazi, mama," Mrisho alisema. "Chai imestawi."

"Imestawi kwa sababu ina mwenyewe," Atuganile alijibu.

Mrisho akamtupia Benson jicho. Benson akakohoa, akamtangulia mgeni wake kuteremka.

Jioni, baada ya ugali, Benson alilitoa la moyoni. Nyakati zimebadilika, alisema, biashara sasa ni huria. Wenzake wa rika moja pale kijijini Nkunga walikuwa na magari ya kupeleka mizigo Kasumulu, mpakani na Malawi, naye amechoka kunuka majani ya chai.

"Gari tafuta," Atuganile alisema. "Shamba usiuze."

"Shamba alinipa baba yangu. Wewe ulikuja na nini kutoka kwenu Kinyala?"

Atuganile aliinuka. Aliosha vyombo, akalaza watoto, na neno lile likambakia kifuani kama mfupa wa samaki kooni. Alikuja na mikono yake. Alipoolewa, pale palikuwa pori la magugu na mawe tu. Benson alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, akakaa huko misimu mitatu, akarudi mikono mitupu. Katika misimu hiyo Atuganile alifyeka, akang'oa mawe na kupanda miche ya chai, mtoto mgongoni na mvua ya Rungwe ikimnyeshea bila kuuliza.

Haukuwa muda mrefu tangu afisa maendeleo ya jamii wa kata, Justa, aje kijijini kueleza sheria mpya ya ardhi. Wanaume wengi walisinzia siku ile. Atuganile hakusinzia. Asubuhi baada ya maneno yale ya Benson alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kupeleka malalamiko kwenye baraza la ardhi la kijiji. Baraza lilikuwa na watu saba, na kwa kuwa sheria iliwataka wanawake wasipungue watatu, watatu walikuwemo. Mwenyekiti, Meshaki, akapanga siku.

Benson aliposikia, hakugomba. Alimwomba baba yake, mzee Ambindwile, aje kuwa shahidi.

Kijiji kizima kilielewa maana yake. Kwa Wanyakyusa wa rika la mzee yule, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Tangu aolewe, Atuganile akisikia kikohozi cha mzee njiani alikuwa anajitoma kwenye migomba na kumpa mgongo mpaka apite. Wengine walikwisha kuiacha mila hiyo. Mzee Ambindwile hakuiacha, na Atuganile hakuwa tayari kumvunjia heshima mzee ambaye hajawahi kumkosea. Sasa mzee angekaa ndani ya ofisi ya kijiji, na ofisi ilikuwa na chumba kimoja.

"Bora uiache kesi," jirani alimshauri. "Utaingiaje?"

"Siku ikifika nitajua," alisema, ingawa usiku huo hakupata usingizi.

Siku ikafika na manyunyu yake. Wajumbe walikaa, Benson akakaa, mzee akaegemea fimbo yake, na Mrisho akasimama karibu na mlango. Meshaki akatazama huku na huku.

"Mlalamikaji hayupo?"

"Nipo, mwenyekiti," sauti ilijibu kutoka nje ya dirisha. "Niko huku kwa heshima ya aliyeko humo. Lakini masikio yangu yamo ndani."

Alikuwa ameketi chini ya dirisha, mgongo ukutani, kitenge kichwani.

"Kesi haisikilizwi dirishani," Benson alisema.

Mama Gift, mmoja wa wale wajumbe watatu, alimgeukia taratibu. "Sheria inataka asikilizwe. Haikusema awe amekaa wapi."

Benson akaeleza kwamba ardhi ni ya ukoo, na mwanamke hana sehemu katika ardhi ya ukoo. Ilipofika zamu yake, Atuganile hakusimulia taabu zake, ingawa alikuwa amezipanga zote kichwani.

"Naomba baraza limuulize shahidi," alisema. "Alipompa mwanawe ardhi ile, palikuwa na nini juu yake?"

Meshaki akamgeukia mzee. Mzee Ambindwile aliishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Magugu," akasema. "Na mawe."

"Limuulize ni nani aliyeyang'oa."

Benson akainamisha kichwa. Mzee akakisogeza kiti, akawa anasema na ukuta badala ya watu.

"Benson alikuwa Chunya. Uso wa mwanamke huyo siujui vizuri, ndivyo ilivyo desturi yetu. Jembe lake nalijua. Nilikuwa naota moto asubuhi nalisikia kule juu, mtoto analia, jembe haliachi. Ardhi ni ya ukoo, na hilo nitalisema mpaka nife. Lakini chai ile kaipanda yeye. Mvi hizi sizitumii kusema uongo."

Nje, Atuganile alijifunika uso kwa kitenge. Miaka yote ile alidhani hakuna aliyesikia.

Mama Gift akamalizia. Ardhi ambayo mke ameitolea jasho ni yake pamoja na mumewe, na mume haiuzi bila ridhaa yake; na mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya sheria.

Meshaki akainuka, akaenda dirishani. "Mama, baraza linakuuliza. Unakubali shamba liuzwe?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sikubali," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Mrisho ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. "Mimi nilitaka shamba, sikutaka ugomvi," alisema. "Niliambiwa mama ameridhia." Alitoka, akapita penye dirisha. "Uniwie radhi, mama."

"Ndaga fijo," Atuganile alimshukuru kwa lugha ya nyumbani.

Njiani Benson alitembea nyuma yake. Walikaribia nyumbani ndipo aliposema, "Umenishinda mbele ya baba yangu."

"Sikushindana nawe. Nimelizuia shamba lisiondoke, na wewe ungali unalo." Akasimama, akamgeukia. "Ila sasa nataka jina langu liandikwe."

Benson aliangalia chai iliyolowa, akaangalia chini. "Liandikwe," akasema.

Mwaka uliofuata, kijiji kilipoandikisha ardhi zake, majina yalisomwa kwenye mkutano mkuu. Karani akasoma la Benson, akavuta pumzi, akasoma na la Atuganile. Vigelegele vikapaa hadi wachumaji waliokuwa mashambani wakauliza ni harusi ya nani. Kabla havijatulia, mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono, akasema na yeye ana la kuuliza kuhusu shamba lao. Mwingine akanyoosha. Atuganile akajisogeza kwenye benchi la mbele, akawapa nafasi ya kuketi.