Mlango Uliotazama Bonde

Jumamosi saa nne asubuhi Sibomana, fundi cherehani wa soko la Kamembe, alifika na pikapu ya kukodi kwenye nyumba aliyoinunua, akakuta nyumba imempa mgongo. Mlango uliokuwa ukitazama njia sasa ulitazama bonde, kwenye mteremko usiopitika hata na mbuzi. Dereva alizima gari, akauliza kama muda wa kusubiri nao utalipwa.

Hilo halikuwemo kwenye daftari. Na Sibomana alikuwa mtu wa daftari kwelikweli. Juu ya bei ya nyumba alikuwa ameweka ada ya kuhamisha hati, mpimaji, kufuli mpya, saruji ya sakafu, hata chai ya wapakuaji. Mstari mmoja tu aliukata: kinywaji cha mashahidi, soda ambayo majirani hunywa kushuhudia mauzo. Serikali ilitaka sahihi tatu, na majirani walikuwa kumi na wanne. Mkewe, Mukeshimana, alimsihi asiukate. Alimjibu kwamba soda haijengi ukuta.

Mzee Mulume, seremala wa nyumba ya pili, alikuja na randa mkononi, akaitazama ile nyumba.

"Haikujui bado, Papa Zuhura. Bashahidi habakukunywa."

Basi Sibomana akatoa pesa za saruji, akanunua Fanta. Majirani walikaa juu ya magodoro yake wakanywa bila haraka. Kila chupa ilipoisha, nyumba ilizunguka kidogo, bila kudondosha hata bati. Baada ya chupa ya kumi na nne ilisimama, mlango ukiwa umetazama ukuta wa Mulume. Ilikuwa imebakiza nusu ya safari ya kurudi.

"Amebaki Nzigire," alisema Mulume. "Dada ya Muderhwa, ule mwenye alikuuzishia. Maman yao alibaachiaka nyumba bote babili."

Sibomana alimgeukia. "Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Ungetuita, ningesema. Mbele ya kufungua chupa ya kwanza, banaulizaka: kuna mwenye neno?"

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini ya Sibomana hayakungoja hata harusi. Muderhwa alikwisha kuvuka kwenda Bukavu na pesa zote, na simu yake haikuita.

Nzigire, alipopelekewa habari, alifika Jumatatu kutoka Bweyeye, viatu mkononi, miguu ina tope la msitu. Vyombo vilikuwa siku ya tatu chini ya turubai. Sibomana alimpa kiti na chupa.

"Hii ndiyo fungu yangu?" aliuliza Nzigire, akiitazama Fanta.

"Maman, pesa yote alikamata kaka yako. Miye nimebaki bure."

"Najua. Miye sikuuzishaka kitu." Alimtazama Zuhura, binti wa Sibomana, aliyelala juu ya gunia la nguo. "Lakini nimekuya na kiu, na batoto bako banalala inje."

Alikunywa. Nyumba ikazunguka yote iliyobaki, mlango ukafika njiani. Nzigire alirudisha chupa, kwa kuwa dukani chupa hudaiwa, akashika viatu vyake akaondoka. Mukeshimana alimsindikiza mpaka barabara kubwa.

Wanaishi humo hadi leo. Kila alasiri, baada ya saa kumi, mlango hugeuka kuelekea upande wa Bweyeye, kusiko na pa kupita, ukakaa hivyo mpaka asubuhi, na anayechelewa kurudi hupitia dirishani. Zuhura hupenda. Sibomana magoti yanamsumbua, kwa hiyo alimwomba Mulume amchongee kigoda.

Alikiandika kwenye daftari, kigoda cha dirishani, na bei yake pembeni. Jina la Nzigire hakuliandika, maana alijua vizuri ni kiasi gani kingekaa mbele yake: nusu ya bei ya nyumba.