Makofi ya Ufukoni Bristol

...na mama gani huyo tena, aliwaza Noelia, akimimina maji ya moto kwenye kibuyu chake cha mate, chai chungu ya kwao, polepole ili majani yasielee, na kule majini makofi yameanza, pa, pa, pa, yanapokelewa mwavuli kwa mwavuli kuja upande wake, mtoto kapotea, mtu keshambeba mabegani na ufuko mzima utapiga makofi mpaka mwenye mtoto ajitokeze, basi naye akaweka chupa chini akapiga, kwa vidole tu, maana kelele humtia haya hata zikiwa za wote, labda huyo mama alilala, labda alikuwa kwenye simu, na sauti ya mama mkwe ikamwingia kama ilivyomwingia asubuhi mlangoni, "Wewe Noe, hata mkate unaona haya kuuagiza, utamchunga mtoto ufukoni Bristol peke yako, Januari hii ya kiangazi watu walivyojaa?", naye akajibu huku akiangalia ndala zake, nitaweza mama, na ameweza, si ndiyo, Delfina yuko hapa anachimba, ndoo hii hapa, koleo hili hapa, shimo limejaa maji... ndoo, koleo, shimo, na Delfina hayupo.

Sasa hivi alikuwa hapa, sasa hivi tu, alipokuwa anafungua chupa, na mikono ya Noelia bado inapiga, yenyewe, anampigia makofi mwanawe kama wa jirani, akainuka, akaruka taulo la watu, samahani, samahani, akaruka miguu ya mzee, mchanga unaunguza, na mbele kichwa kidogo chenye kofia ya njano ya Delfina juu ya vichwa vyote, analia, hai, analia, na yeye akasimama nyuma ya watu, kwa sababu sasa inabidi aseme, na ufuko wote utageuka kumtazama, kama walivyomtazama mama yake siku ile, yeye Noelia akiwa mdogo, juu ya mabega ya mgeni yanayonuka mafuta ya jua, mama yake akaja ameinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu, akamvuta mkono, upesi, na kiangazi chote hawakurudi tena baharini, hakuna aliyemwambia kwa nini, lakini alijua, alijua ni aibu, na tangu hapo... "Jamani huyu wa nani?" alipaza sauti mwanamume aliyembeba, mwenye tumbo jekundu, "njooni upesi, kaniloanisha shingo, na si kwa maji ya bahari!", watu wakacheka, makofi hayakupungua, na Noelia akasikia sauti kubwa, mbaya, inapasuka katikati, "Wangu! Ni wangu huyo!", kumbe ni yake.

Wakampisha. Makofi yakageuka vifijo, kofia ya njano ikashuka mikononi mwake, nzito, ya moto, ina chumvi, "Mama, ulipotea," Delfina akamwambia kwa hasira, na mwanamke mmoja akamshika bega, "Usilie mwanangu, mimi hapa nilipoteza watatu, na mume wangu nilimpoteza makusudi," na Noelia akawatazama usoni, mmoja mmoja, akitafuta ile aibu, haikuwepo, walikuwa wanafurahi tu, hata siku ile ya mama yake pengine walikuwa wanafurahi tu, maskini mama, angeinua kichwa angewaona... Akarudi. Bibi wa mwavuli wa jirani alikuwa amekilinda kibuyu chake, "Kunywa, haijapoa," akanywa, chungu, nzuri, Delfina amerudi shimoni na andazi la sukari ambalo hakuna ajuaye nani kampa, na jioni atamwambia mama mkwe, alinipotea, na wamenirudishia, atasema hivyo hivyo, akamimina tena, polepole, majani yasielee, na kule kwenye sanamu za mawe za simba wa bahari, pa, pa, pa, makofi mengine yakaanza, Noelia akaweka chupa chini, mguu wake juu ya mguu wa Delfina, akapiga kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, ili huyo mama, popote alipo, asikie.