Vidoti Mabegani

Thankamani alikuwa ameuza sari miaka kumi na tisa katika duka la Bwana Kuruvila, mjini Thrissur. Mizigo ya hariri iliyopangwa rafu ya juu kabisa, ambayo wenzake waliishusha wawili wawili, yeye aliishusha peke yake, na alijivunia. Kwa hiyo msuko wake ulipoanza kukaa upande, kana kwamba unataka kuhama kichwa, wenzake wa kaunta walipata la kusema.

"Dada, leo umesukiwa ndani ya basi?" Shylaja alimuuliza.

Thankamani akajibu kwamba ni mtindo mpya. Ukweli ni kwamba bega la kulia lilikuwa limegoma. Mkono haukufika tena kisogoni, na aliyemsuka kila asubuhi ni mumewe Sukumaran, seremala, aliyevuta nywele kama anayekaza kamba ya mzigo.

Mwezi huo Nafeesa wa chama cha wafanyakazi akaja wakati wa chakula cha mchana. Hakuhutubia. Alitandika karatasi yenye mchoro wa mwanamke, akagawa vidoti vyekundu, vile vya kubandika kwenye paji la uso, na kumtaka kila mtu abandike panapomuuma. Kabla wali haujaisha, yule mwanamke wa karatasi alikuwa ameiva mabega na kiuno kama mwenye tetekuwanga. Thankamani alirudisha vidoti vyake, akasema yeye hana pa kuvibandika.

"Basi nisaidie kutundika karatasi hii ukutani," Nafeesa akamwambia.

Mkono ulifika usawa wa kifua, ukakwama. Uso ulimwaka Thankamani.

"Kumbe ni Shemeji Sukumaran anayekusuka," Shylaja akasema taratibu. "Na sisi tunateta ufundi wa watu."

Wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka machozi, ingawa si yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akaomba vidoti, akabandika vitatu mahali pamoja.

Walipokwenda kwa Bwana Kuruvila, Nafeesa aliomba mizigo mizito iwekwe usawa wa kiuno, ngazi ziongezwe, na watu wapokezane kazi. Kuruvila alikataa. Alisema hariri ni ya kutazamwa juu, kisha akamgeukia Thankamani, amtetee.

"Wewe hujawahi kushindwa. Waambie."

"Sikushindwa, bosi. Nilinyamaza," akasema. "Hariri ishuke, nailoni ipande. Mteja akishaigusa hariri, haondoki mikono mitupu."

Kuruvila alikubali ukuta mmoja tu, kwa mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha, mauzo ya ukuta ule yakiwa yamepanda, aliagiza kuta zote zibadilishwe. Bega la Thankamani lilihitaji mwaka mzima wa mazoezi, na halikurudi kama zamani, lakini msichana aliyeajiriwa baadaye hakuwahi kushusha hariri kutoka rafu ya juu.

Siku hizi Kuruvila huwaeleza wenye maduka ya jirani jinsi alivyobuni mpango huo usiku mmoja alipokosa usingizi. Wanawake wa kaunta humsikiliza kwa heshima zote, na Nafeesa amewakataza kumsahihisha mpaka maduka yote ya mtaa yamuige.